Tundu la moyo: lini linazibwa kupitia pajani, lini kifua lazima kifunguliwe

Mwezi huu safu nzima nimeiachia moyo wa mtoto, maana meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kilekile. Watu wamesikia siku hizi tundu la moyo linazibwa bila kupasua kifua, mtoto anatobolewa kidogo kwenye kinena, kesho kutwa yuko nyumbani anacheza, sasa mbona wa kwangu kaambiwa afunguliwe, au mbona sisi hatukuambiwa mapema. Hospitali zetu wanaita upasuaji wa tundu dogo. Nimechukua meseji chache zinazobeba za wengine, nimezifupisha, na majina nimeyatoa.

Mama, Morogoro: Dokta shikamoo. Mwanangu wa kike ana miaka minne, tulienda hospitali kwa ajili ya kikohozi tu, dokta akamsikiliza akasema kuna sauti kwenye moyo. Tukatumwa Dar, eko (kile kipimo cha picha ya moyo) ikaonyesha kuna mshipa ulitakiwa ujifunge alipozaliwa haukujifunga, wanasema wataziba kwa kupitisha kifaa pajani. Mama mkwe amekataa katakata, anasema chuma hakikai kwenye moyo wa mtoto, kitashika kutu, na akikua si kitambana? Mume wangu yuko katikati hajui amsikilize nani.

Marahaba mama. Kwanza huyo dokta wa kikohozi Mungu ambariki, maana angeweza kuandika dawa ya kikohozi akawaambia mwende.

Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa, mapafu yake yamelala, kwahiyo damu haina haja ya kwenda huko kwa wingi. Kuna kimshipa kifupi kinaunganisha mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili, damu inakatiza hapo. Akizaliwa akilia mapafu yakifunguka, kile kimshipa kinaanza kujibana, na kwa watoto wengi ndani ya siku mbili tatu kimeshafunga. Cha mwanao kimebaki wazi, na kwa miaka minne sasa damu ambayo imeshatoka mapafuni na oksijeni yake inarudi mapafuni tena badala ya kwenda mwilini. Mapafu yanajaa, ndo maana vikohozi na nimonia haviishi, na upande wa kushoto wa moyo unafanya kazi ya ziada usiku na mchana mpaka unatanuka. Na niseme wazi, kwa umri huo hakitajifunga chenyewe tena, msikae kusubiri hilo.

Sasa siku yenyewe inakuwaje. Mtoto anapewa nusu kaputi, analala, hasikii kitu. Daktari anachoma sindano kwenye mshipa wa kinena, mara nyingi mguu wa kulia, anapitisha waya mwembamba, juu ya waya anapitisha mrija laini, unapanda taratibu mpaka kwenye moyo huku anauangalia kwenye skrini kwa eksirei. Anaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, hapo kile kimshipa kinajitokeza chote, anakipima upana na urefu kwa milimita, ndo anachagua kizibo cha saizi yake. Kizibo kimesukwa kwa nyaya nyembamba sana za nikeli na titani, madini yenye tabia ya kurudia umbo lake, kwahiyo kinakunjwa kinaingia ndani ya mrija mwembamba, kikisukumwa nje kinafunguka chenyewe na kukaa pale.

Kitu ambacho wazazi wengi hawaambiwi na mi napenda wakijue ni kwamba kizibo kikishafunguka bado kimefungwa kwa skrubu kwenye waya mrefu ambao mwisho wake uko mkononi kwa daktari. Hajakiachia. Anakivuta kidogo kuona kama kimeshika, anaingiza tena ile dawa kuona damu imekata, anaangalia kama hakijabana mshipa wa jirani. Asiporidhika anakirudisha ndani ya mrija anakitoa, anachukua saizi nyingine. Akiridhika kabisa ndo anazungusha ule waya, skrubu inafunguka, kizibo kinabaki.

Kuhusu kutu, mwambie bibi yao madini haya hayashiki kutu ndani ya mwili, na ndani ya miezi michache utando laini wa mwili wa mtoto mwenyewe unaota juu yake ukakifunika. Kumbana akikua pia hapana, kwa sababu hicho kimshipa mwili hauna kazi nacho tena, kinazibwa kibaki kimezibwa, mtoto akue na moyo wake. Hakizuii kupanda ndege, na kipimo cha MRI anaweza kupigwa ila awaambie kabla, mtapewa kadi ya kifaa, itunzeni pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Wala si jambo la kujaribia kwa watoto wetu. Mjerumani Werner Forssmann alijipitishia mrija mwenyewe kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo mwaka 1929, akatembea hadi chumba cha eksirei kupigwa picha ya ushahidi. Wenzake walimshangaa, mwaka 1956 akapewa tuzo ya Nobeli. Kimshipa hiki alichonacho mwanao kilizibwa kwa njia ya mrija mara ya kwanza Berlin mwaka 1967, na vizibo vya nyaya za kusuka vilivyobuniwa na Kurt Amplatz kule Minnesota, Marekani, vimetumika kwa watoto tangu miaka ya 1990.

Hatari zipo na lazima nikutajie. Kizibo kinaweza kuchomoka kikasafiri, hapo wanakifuata kwa kitanzi maalum kupitia mishipa au kwa upasuaji. Damu inaweza kuvuja pale kinena, au mguu ukawa wa baridi kwa sababu mshipa umeziba, ndo maana manesi wanakuja kila saa kushika mguu. Ni mambo ya nadra kwa tatizo kama la mwanao, lakini yapo na mtasaini karatasi inayoyataja, isomeni. Baada ya pale atatakiwa alale mguu umenyooka kwa saa kadhaa, na hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote kwa mtoto wa miaka minne, beba simu yenye katuni.

Mama mkwe msimwache nyumbani. Nendeni naye kliniki, ombeni daktari awaonyeshe kifaa chenyewe akishike kwa mkono wake, aulize maswali yake yote. Anamuogopea mjukuu wake, ni haki yake.

Baba, Mwanza: Dokta mi naandika nikiwa na uchungu. Wodini tulikuwa vitanda jirani na familia nyingine, mtoto wao tundu la moyo, wangu tundu la moyo. Wa kwao kapitishiwa pajani siku ya tatu wameondoka. Wangu ana miezi minane kilo tano na nusu wananiambia apasuliwe kifua na moyo usimamishwe. Eko inasema tundu lipo ukuta wa chini, milimita 9, chini ya mlango wa mshipa mkuu. Naomba ukweli, ni kwa sababu sisi hatuna kitu? Au kuna mtu alitakiwa apewe chochote?

Baba, pole sana. Nimesoma majibu ya eko uliyonitumia mara mbili na nakujibu kwa yale yaliyoandikwa pale. Mtoto wako amepangiwa kilicho sahihi kwake. Angekuwa mtoto wa waziri angepangiwa hichohicho.

Tatizo ni kwamba sisi wote tunasema "tundu la moyo" kana kwamba ni kitu kimoja. Moyo una vyumba vinne, viwili juu viwili chini, na ukuta katikati. Tundu linaweza kuwa ukuta wa juu au wa chini, na hata ukuta huohuo linaweza kuwa katikati ambapo pamezungukwa na nyama pande zote, au pembeni kabisa limegusana na mlango wa moyo. Kizibo kinafanana na visahani viwili vilivyounganishwa katikati kwa kiuno chembamba, kimoja kinakaa upande huu wa ukuta kingine upande ule, vinabana ukuta katikati. Kwahiyo kinahitaji ukingo wa kubana. Pasipo na ukingo hakuna cha kushika.

Mtoto wa jirani yako yaelekea tundu lake lilikuwa ukuta wa juu katikati, au ni kile kimshipa nilichomweleza mama wa Morogoro. Hizo ndo za upasuaji wa tundu dogo hasa. La mwanao liko chini, ubavuni mwa mlango wa mshipa mkuu, na pale pana mambo mawili ambayo daktari akiyafikiria hapati usingizi. La kwanza, sahani ya kizibo ikigusa ule mlango kila moyo unapodunda, mlango utaanza kuvuja, na mlango unaovuja ni ugonjwa mpya. La pili, njia ya umeme wa moyo, ule unaoambia vyumba vya chini vidunde, inapita kwenye ukingo wa tundu hilihili. Kizibo kikiukandamiza umeme unakatika, mapigo yanashuka, na mtoto anaweza kuishia na betri ya moyo maisha yake yote. Kuna hospitali zinaziba baadhi ya matundu ya sehemu hii kwa kifaa, kwa watoto wakubwa kidogo na tundu lenye umbo linaloruhusu. Kwa mtoto wa kilo tano na nusu ambaye moyo umeshaanza kuchoka na mishipa yake ni membamba hivo, hapana.

Daktari wa upasuaji yeye akifungua analiona tundu kwa macho, anajua umeme unapita upande gani, anashona kiraka mbali nao. Mashine inashika kazi ya moyo na mapafu kwa muda huo, ikiisha moyo unarudishwa kudunda. Atakaa ICU siku kadhaa, atakuwa na kovu kifuani, na kwa tundu la namna hii likishashonwa vizuri watoto wengi wanakua kama wenzao, wanakimbia, wananenepa, ukiwaona baada ya mwaka huwatambui. Naomba usilione ni fungu la maskini. Mi naona tumesifia sana tundu dogo mpaka mzazi akiambiwa kifua anajisikia kama amenyimwa, na wengine wanamtoa mtoto wodini kwenda kutafuta hospitali "itakayokubali". Huko njiani miezi inapita. Usifanye hivo baba.

Na kuhusu kumpa mtu chochote, hapana, usitoe shilingi nje ya dirisha la malipo lenye risiti, na akikuomba mtu nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali ukaseme.

Kwa faida ya wengine wanaosoma, ngoja niyapange kidogo. Yanayotibika kwa mrija vizuri ni kimshipa kisichojifunga, tundu la katikati ukuta wa juu likiwa na kingo, mlango wa kwenda mapafuni uliobana, baadhi ya matundu ya ukuta wa chini sehemu yenye nyama, na mshipa mkuu uliojinyonga kwa mtoto aliyeshakua kidogo, anawekewa neti ya chuma ya kuutanua. Tundu la ukuta wa juu lililo pembeni, likagusana na milango au na mishipa inayotoka mapafuni, linaenda kwa upasuaji. Tundu kubwa la katikati linalogusa kuta zote mbili, ambalo tunaliona sana kwa watoto wenye hali ya kuzaliwa ya Down, upasuaji. Wale watoto wa bluu wanaochuchumaa wakichoka, wenye matatizo manne kwa pamoja, marekebisho kamili ni upasuaji, ingawa mtoto akiwa mdogo sana au dhaifu wanaweza kwanza kumtanulia njia ya damu kwa neti kupitia mrija apate nguvu, operesheni ije baadaye. Na mtoto aliyezaliwa mishipa mikubwa miwili imebadilishana nafasi, yule mrija unamuokoa masaa ya kwanza tu, wanaingiza puto dogo wanalivuta kupasua ukuta wa juu ili damu zichanganyike, kazi aliyoianzisha William Rashkind wa Philadelphia mwaka 1966, halafu upasuaji wa kurudisha mishipa mahali pake unafuata. Kwahiyo hizi njia mbili zinasaidiana, mara nyingi kwa mtoto huyohuyo mmoja.

Wakati mnasubiri tarehe, dawa ya kumkojoza asikose hata dozi moja, apimwe uzito kila wiki, chanjo zote apate, na akianza kupumua kwa kasi mbavu zinaingia ndani msisubiri tarehe.

Dada, Mombasa: Daktari hujambo. Mtoto wa dadangu ana wiki sita, mlango wa kutoa damu moyoni kwenda mapafuni umebana, Nairobi wamesema watamfungua kwa puto. Twauliza puto lawezaje kufungua mlango wa moyo, na je hautabana tena? Na akiwa mdogo hivi si angengojwa akue?

Sijambo, ahsante. Mlango huo ni vijani vitatu vyembamba ambavyo vinatakiwa kuachana kila moyo unaposukuma. Kwa mtoto wenu vimegandana kwenye mishono yao, damu inapenya kwenye kitobo. Mrija unapita mshipa wa kinena hadi pale, una puto limekunjwa kwenye ncha, likifika katikati ya mlango linajazwa maji yenye dawa ya eksirei. Kwenye skrini utaona puto limevimba huku na huku na katikati limebonyea, pale mlango ulipolibana, halafu ule ubonyeo unafutika ghafla, mishono imeachia. Linapunguzwa palepale, sekunde chache tu, kwa sababu likiwa limejaa linazuia damu. Mtaalamu anaangalia presha kabla na baada, tofauti inaonekana hapohapo mezani.

Aliyeifanya iwe tiba ya watoto ni Jean Kan na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walitoa taarifa yao mwaka 1982, na tangu hapo kwa mlango huu puto ndo la kwanza, kisu kinaitwa puto likishindwa. Kungoja akue inategemea amebanwa kiasi gani. Akibanwa kidogo anafuatiliwa tu kwa eko. Akibanwa sana hangojwi hata akiwa wa siku mbili, na wale wachanga ambao damu ya mapafu inategemea kile kimshipa cha tangu tumboni mwa mama wanawekewa dripu ya dawa ya kukizuia kisifunge mpaka puto lifanyike. Kama madaktari wa Nairobi wamempa tarehe ya karibu, tarehe ya karibu ndo jibu.

Kubana tena inatokea kwa baadhi, hasa waliofanyiwa wachanga sana au ambao vijani vyenyewe ni vinene, na linarudiwa puto. Kinachotokea zaidi ni mlango kuvuja kidogo baadaye, ambako watoto wengi wanakuvumilia miaka na miaka bila shida. Akija kuvuja sana ukubwani zipo valvu, yaani milango ya kutengenezwa, zinazowekwa kwa mrija, ya kwanza iliwekwa na Philipp Bonhoeffer Paris mwaka 2000 kwa mvulana wa miaka 12, imetengenezwa kwa mshipa wa shingo wa ng'ombe. Kwahiyo kliniki ya moyo asiache hata akiwa anacheza mpira na haonekani mgonjwa. Hapo ndo familia nyingi zinapoteleza, mtoto akipona wanahama namba na hospitali hawawapati tena.

Bibi, Pemba: Assalaam alaikum daktari. Mjukuu wangu miaka kumi na mmoja. Alipokuwa mdogo tuliambiwa ana tundu kubwa chini ya moyo, babake akafariki, mambo yakatupita. Hakuwa na hali mbaya, vikohozi vikaacha vyenyewe tukamshukuru Mungu. Sasa mwaka huu midomo inakuwa ya kibuluu, kucha zimevimba, ngazi hapandi. Nimesikia kuna ile ya kupitia mguuni si ya kupasua. Nataka apelekwe.

Waalaikumu ssalaam bibi yangu, shikamoo. Nimeandika jibu hili nikalifuta nikaliandika tena, maana wewe ndiye uliyebaki kumlea na sitaki kukupa maneno matamu yasiyo na kitu.

Tundu kubwa la ukuta wa chini linamimina damu nyingi kwenye mapafu kwa nguvu. Mwanzoni mtoto anakohoa, anatoka jasho, hanenepi. Ikiendelea miaka, mishipa ya mapafu inajilinda kwa kukaza na kuwa minene, damu inapungua kwenda huko, na hapo ndo vile vikohozi "vinaacha vyenyewe". Watu wanadhani kapona. Kumbe presha ya mapafu imepanda, na ikifika siku imezidi ya mwili, damu isiyo na oksijeni inaanza kuvuka tundu kwenda mwilini, ndo ule ubuluu wa midomo na kucha kuvimba. Hali ikifikia hapo kweli, tundu halizibwi tena, si kwa kifua si kwa mguu, kwa sababu limekuwa ndo pumzi ya upande wa kulia wa moyo, ukiliziba moyo unashindwa.

Lakini ubuluu peke yake haunitoshi kusema amefika huko, na wewe usikubali mtu akwambie hivo kwa kumtazama tu. Mrija uleule unaopita mguuni una kazi nyingine isiyosikika sana, ya kupima. Unaingia mpaka mshipa wa mapafu unasoma presha yenyewe, wanampa oksijeni wanaona kama presha inashuka, na hesabu hiyo ndo inayosema mishipa bado inalainika au imeshakuwa ya kudumu. Wapo watoto ambao ilionekana wamechelewa wakapimwa wakakutwa bado wana nafasi. Kwahiyo ndiyo bibi, apelekwe, na apelekwe sasa, kwanza kupimwa.

Anzia hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, akapate eko na barua ya rufaa. Watoto wengi wa Unguja na Pemba wamewahi kupelekwa Holon, Israeli, kupitia shirika la Save a Child's Heart, na Dar kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ilianzishwa mwaka 2015, mtambo wa kuingiza mirija wanao.

Ikija kuonekana haizibiki, zipo dawa za kushusha presha ya mapafu, moja ni sildenafili, usishtuke ukiambiwa ni ileile ya wanaume, kwa mapafu inafanya kazi ya kutanua mishipa na watoto wanapewa. Anywe maji ya kutosha hasa joto likizidi, akiharisha apelekwe siku hiyohiyo, kupungukiwa maji kwake ni hatari. Asikimbizwe michezo ya shule, mwandikie mwalimu. Na usijilaumu bibi, mtoto akiacha kukohoa kila mtu anafurahi.

Mama, Arusha: Mwanangu alizibwa tundu la ukuta wa juu kwa kifaa miezi mitatu iliyopita, sasa jino limeoza linataka kung'olewa. Dokta wa meno ameuliza "una ruhusa ya moyo?" sikuelewa.

Kauliza vizuri sana. Miezi sita ya mwanzo kizibo hakijafunikwa chote, bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wakati wa kung'oa wanaweza kukishikilia. Anatakiwa ameze dozi moja ya antibayotiki kama saa moja kabla ya kung'olewa, daktari wa moyo ataandika kulingana na uzito. Na yaelekea yuko kwenye aspirini kwa miezi hiyo sita, mwambieni dokta wa meno maana jino litachuruzika zaidi, ila msiiache wenyewe. Kama eko ya miezi sita itaonyesha bado panavuja pembeni ya kizibo, utaratibu wa antibayotiki unaendelea. Na yeyote mwenye kizibo cha ukuta wa juu akipata maumivu ya kifua, akazimia au pumzi ikambana ghafla, hata kama ni miaka imepita, aende hospitali yenye eko siku hiyo, mara chache sana kifaa husugua ukuta wa moyo na hilo haliwezi kusubiri.

Baba wa mapacha, Kigoma: Mapacha wangu walizaliwa kabla ya wakati, mmoja yuko vizuri, mwingine miezi mitatu sasa akinyonya anatoka jasho kichwani mpaka shuka linalowa, anaacha anahema anarudi kunyonya, uzito haupandi. Zahanati wanasema ni njiti tu atakua. Na je mtoto mdogo hivi hata akikutwa na tatizo, huo mrija utapita wapi?

Baba, njiti mwenzake yuko vizuri, wamekaa tumbo moja, wananyonya ziwa moja. Hiyo peke yake inatosha kumtoa huyu zahanati akaonwe kwingine. Jasho kichwani akinyonya, kuacha ziwa ili ahemee, uzito kugoma, hizo tatu kwa pamoja kwa mtoto mchanga ni dalili za moyo kuzidiwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na watoto waliozaliwa kabla ya wakati ndo hasa kile kimshipa kinapenda kubaki wazi kwao.

Kuhusu udogo wake, usiwe na hofu. Siku za mwanzo njiti wanajaribiwa dawa kwanza, ya jamii ya ibuprofeni au paracetamoli ya dripu, kimshipa kinajibana. Kwa miezi mitatu dawa hizo muda wake umeshapita. Lakini vizibo vimepungua saizi sana, mwaka 2019 Marekani waliidhinisha kimoja kinachofaa mpaka mtoto wa gramu 700, kinapitishwa mshipa wa kinena unaorudisha damu moyoni, bila kuchoma ateri, ule unaotoa damu moyoni. Si kila hospitali yetu inacho, na kwa mtoto mdogo sana bado upasuaji mdogo wa ubavuni wa kukifunga kimshipa kwa uzi upo na unafanyika bila kusimamisha moyo.

Cha kufanya wiki hii: nenda hospitali ya rufaa ya mkoa na kadi za kliniki za mapacha wote wawili, waweke uzito wao pembeni kwa pembeni daktari auone. Omba avuliwe nguo asikilizwe kifua na mgongo, ashikwe mapigo kwenye kinena, na apimwe oksijeni mkono wa kulia na mguu. Mwambie daktari neno kwa neno ulivyoniandikia mimi, jasho, kuacha ziwa, uzito. Omba barua ya rufaa kwa ajili ya eko, kama hapo hakuna mtu wa eko ya watoto waandike aende wapi na lini. Bima au hela isikuzuie kuanza, ustawi wa jamii wa hospitali wanaandika msamaha kwa asiyeweza, waone kabla hujaondoka, si baada. Na usiku wowote akishindwa kunyonya kabisa, akipauka au midomo ikibadilika rangi, msingoje asubuhi.

Nitumie majibu ya eko yakitoka, piga picha karatasi nzima, hata ule upande wenye namba ndogondogo.